Pijo ya Mzee Bernard

Watu wa chuma chakavu walifika Makote Jumanne moja ya mwezi wa nne, mizani yao wameifunga kwa kamba nyuma ya bajaji ya mizigo. Aliyewaita ni Alfredi, anayeishi Mtwara mjini, na kila kitu alikimaliza kwa simu. Wiki mbili kabla, mvua ilikuwa imeangusha paa la banda nyuma ya nyumba ya baba yake, Mzee Bernard. Chini ya mabati yale na miti iliyoliwa na mchwa ndipo lilipokuwa gari la mzee, Pijo 404, pikapu, ambalo tangu mwaka 1990 halikuwa limesogea hata hatua moja.

Dorika, mdogo wake Alfredi, alikuwa amepanda kutoka Masasi asubuhi ile kumletea baba yao dawa. Dorika ni fundi cherehani, ana kibanda chake nyuma ya soko la Masasi. Ni mjane wa miaka hamsini na mmoja, na mwanawe pekee, Felix, yuko masomoni Morogoro, ndiyo maana pale sokoni hakuna anayemwita ila Mama Felix. Na lile gari hakuwa na haja nalo. Kama angeulizwa siku moja kabla, angesema libebwe hata bure.

Watu wa Makote wenye umri wa kutosha walilikumbuka gari lile kwa wema. Lilipandisha mapipa ya maji kutoka bonde la Kitangari enzi ambazo ndoo moja ilikuwa safari ya nusu siku kwa miguu, na likiteremka liliteremsha wagonjwa. Dorika alilikumbuka kwa jambo jingine. Mwaka uleule gari lilipokufa, mama yake alishikwa na uchungu kabla ya miezi kutimia, damu zikamtoka, na gari lilikuwa bandani, haliwaki. Walimfunga kwa khanga kwenye baiskeli wakamsukuma hadi hospitali ya Newala, tangu jua linachomoza hadi lilipofika utosini, Dorika mwenye miaka kumi na saba akiwa nyuma ameshika keria asidondoke. Mama alipona, akaishi miaka mingi baadaye. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Basi siku ile ya mizani Dorika alikuwa jikoni anapasha uji, hana habari na mtu. Mzee Bernard alikuwa amekaa barazani na fimbo yake. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa kwa miaka zaidi ya ishirini sasa.

"Ni akina nani hao?" aliuliza.

"Watu wa Alfredi, Baba. Wamekuja kupima gari."

Kule nyuma mmoja wa wale watu alichukua nyundo akagonga boneti kupima unene wa bati, na mlio ule ulipotoka mzee alishtuka mwili mzima, kama aliyegongwa yeye. Kikombe kikamponyoka.

Dorika aliiona ile. Kabla hajajua anachofanya, alikuwa amefika nyuma ya nyumba na mwiko wa uji mkononi.

"Acheni. Hilo gari haliuzwi."

"Mama, tumeshaelewana na mwenyewe."

"Mwenyewe amekaa pale barazani, na hamjamwamkia hata shikamoo. Haliuzwi. Nalitengeneza mimi."

Maneno yalimtoka tu. Pengine yangeisha palepale, kama hasira nyingine zinavyoisha, lakini kabla hata bajaji haijatoka kijijini Alfredi alipiga simu.

"Nasikia unatengeneza gari," alisema, na Dorika alimsikia anavyojizuia kucheka. "Unalitengeneza kwa nini? Kwa cherehani?"

"Kwa hiyo hiyo," alisema, akakata simu. Tangu hapo hakuwa na njia ya kurudi.

*

Fuso lililokuwa limeshusha mifuko ya salfa kwa ajili ya mikorosho ndilo lililolibeba gari kuliteremsha Masasi. Kijiji kizima kilisukuma. Lilipotoka nje juani, Dorika aliona alichojitwika. Panya walikuwa wamekula nyaya zote. Kuku walikuwa wamefanya kiti cha dereva mahali pa kutagia kwa vizazi kadhaa. Bodi ya nyuma ndiyo ilikuwa imekwisha kabisa, kwa kuwa Alfredi kila msimu alikuwa akihifadhi humo mifuko yake ya salfa, na salfa ikikutana na unyevu hula bati kama funza anavyokula muhogo. Ukiweka mkono juu ya bati, unga unabaki kiganjani.

Fundi aliyempata aliitwa Abdulazizi, mwenye gereji upande wa stendi, chini ya majabali. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mizuri na maneno matamu. Alilizunguka gari mara tatu, akapiga goti, akachungulia chini, akajifuta mikono.

"Wiki mbili, Mama Felix."

Wiki ya pili ilipoisha Dorika alikuta gari liko palepale, kuna mtu ameanika shati juu ya kioo cha mbele. Mwezi ulipoisha, kabureta ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake vimetiwa kwenye kopo la rangi, na kopo lenyewe halijulikani lilipo. Miezi miwili ikaisha. Kila akifika, Abdulazizi alimpa kigoda, akamwulizia habari za Felix, kisha akasema kesho.

"Kesho ipi, Abdulazizi? Nimezihesabu hizo kesho zako, zimepita za Ramadhani mbili."

"Mama Felix, wewe mwenyewe fundi. Watu wakikuletea nguo za sikukuu unawaambiaje? Si unawaambia kesho?"

Ukweli huo ulimkera Dorika kuliko gari.

Siku nyingine Abdulazizi alikuwa na wazo. "Injini hii imeshika. Imekufa. Tuitoe, tufunge ya Toyota, gari litakwenda kama mshale."

"Distributa, ile inayopeleka moto kwenye plagi, umeikagua? Nyaya? Umeniambia nyaya ndizo zilizoliwa."

"Distributa safi, nimeiangalia wiki ya kwanza. Tatizo ni injini."

"Na tukifunga injini ya Toyota litakuwa gari la nani?"

"La kwako, Mama Felix."

"Mimi sitaki la kwangu. Nimesema nitatengeneza la baba."

Kila mtu pale stendi alikuwa na neno. Waendesha bodaboda walimshauri aligeuze banda la chipsi. Mama mmoja wa samaki alimwambia kuna majini hukaa kwenye magari yaliyolala muda mrefu. Shakila, rafiki yake wa kibanda cha jirani, alimwuliza siku moja kwa upole kabisa kama ana hakika hajachanganyikiwa. Na Alfredi kila Jumapili alipiga simu kutoka Mtwara kuuliza: limewaka?

Mwisho Dorika aliamua lake. Akaanza kufunga kibanda saa tisa alasiri, anabeba kigoda chake mwenyewe, anakwenda gereji na kukaa mbele ya gari hadi jua lizame. Alikuwa ameona kwamba fundi hatendi kazi ya mtu asiyekuwepo. Siku za kwanza alikaa tu. Siku zilizofuata alichoka kukaa. Akaomba aonyeshwe nyaya zinavyopita, akazitandaza zile za zamani chini kama mtu anayefumua gauni ili apate kipimo, akakata mpya kwa urefu uleule, rangi kwa rangi. Viti akavifumua, akavishona upya kwa turubai la kijani kwenye cherehani yake, sindano nne zikakatika. Kopo la vipande vya kabureta alilikuta mwenyewe, chini ya benchi, limejaa kokoto.

Injini nayo haikuwa imekufa. Abdulazizi, sasa akiwa na mtu wa kumtazama, alimimina mafuta ya gia yaliyochanganywa na dizeli kwenye matundu ya plagi, wakaacha siku nne. Siku ya tano aliingiza hendeli ya kuzungushia injini mbele, akaning'inia kwa uzito wake wote, na kitu ndani kikaguna, kikaachia. Injini ikazunguka. Walishikana mikono wakicheka kama watoto.

Wakaweka betri, wakaweka petroli. Gari likazunguka, likazunguka, halikuwaka. Kesho yake vilevile. Wiki nzima vilevile, hadi betri ya kuazima ikafa na mwenyewe akaja kugomba. Abdulazizi alibadilisha plagi, akabadilisha koili, akasafisha kabureta kwa mara ya tatu.

"Moto haufiki," alisema. "Sijui unapotelea wapi."

Dorika aliinuka kutoka kigodani, akaifuata ile distributa iliyosemwa ni safi, akaachia klipu zake mbili na kuivua kofia yake ya plastiki. Aliichungulia kwa muda.

"Hapa katikati hukaa nini?"

Abdulazizi alisogea. Alitazama, akatazama tena, na Dorika aliona uso wake ukibadilika. Palikuwa na mhimili umesimama peke yake, juu yake hakuna kitu.

"Hapo hukaa rota," alisema polepole. "Ndiyo inayogawa moto."

"Ulisema umeiangalia."

"Niliiangalia kwa nje."

"Miezi minne, Abdulazizi! Miezi minne nakaa hapa kwenye vumbi lako, nawe uliiangalia kwa nje!"

Abdulazizi aliichukua ile kofia akaigeuza mikononi. "Lakini Mama Felix, hii haikupotea. Imetolewa."

"Na mwizi."

"Mwizi gani aache kabureta, aache taa, achukue kidude cha ukubwa wa kidole gumba? Halafu afunge kofia vizuri na klipu zake? Huyu alikuwa mtu anayejua. Alitaka gari lisiwake, na asitokee wa kugundua."

*

Waliitafuta rota kwanza. Walituma picha ya distributa Dar es Salaam, ikaja rota moja kwa basi, ikawa kubwa mno. Ya pili ikaja imepasuka. Ya tatu ilikuwa ya gari jingine kabisa, na aliyeituma akazima simu. Dorika alimpigia baba yake kwa simu ya jirani wa mzee, kuulizia ile rota. Mzee akasema hakumbuki, akasema simu inakatika, na kweli ikakatika. Basi mwezi wa tisa Dorika akapanda Makote.

Alimkuta baba yake ndani, kwenye mkeka, anapukuchua mbaazi. Vidole vyake havikuhitaji macho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja bila taarifa."

"Baba, rota ya Pijo iko wapi?"

Vidole vikasimama.

"Rota ipi?"

"Unaijua, Baba. Mimi mwaka huu wote nafanywa kichekesho Masasi nzima. Usinizungushe na wewe."

Mzee alichukua ganda jingine la mbaazi, akalishika tu. "Niliitupa," alisema. "Kwenye choo cha zamani. Kile kilichofukiwa, pale ulipopanda mpapai."

Dorika alikaa chini. Alidhani amesikia vibaya. Baba yake akaanza kusema, kwa sauti ya chini, uso ameelekeza ukutani.

"Macho hayakuniharibikia baada ya gari, kama mnavyodhani. Yalianza kabla. Presha ya macho, waliniambia hospitali ya Ndanda baadaye, lakini wakati ule sikujua ni nini. Mbele nilikuwa naona. Pembeni hakuna kitu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Siku moja nateremka Kitangari nikasikia kitu kimepasuka chini ya gurudumu. Nikasimama. Mwanasha, mke wa marehemu Hamudi, amesimama kando ya njia, ndoo yake imepondeka chini ya gari. Akacheka. Alidhani nimemfanyia utani. Mimi sikuwa nimemwona, Dorika. Si yeye, si ndoo."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba Bernard wa maji haoni? Mtu akishaitwa kipofu, hata mbuzi wake hawamsikii. Nikatoa rota nikasema gari limekufa. Gari likifa, hakuna anayemcheka mwenyewe."

Dorika alijua swali linalofuata, na hakutaka kuliuliza.

"Na siku ya mama?"

Nje jogoo aliwika mara mbili.

"Siku ile bado sijaitupa. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nikawaza, nikishika usukani nitawaua wote, yeye na wewe mlio nyuma."

"Mzee Lameck alikuwa dereva wa malori jeshini. Nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Najua."

"Alikuwepo. Ndiye aliyeshika usukani wa baiskeli!"

"Najua, Dorika."

"Sasa?"

"Sasa ningeirudisha rota, ningempa ufunguo, angewasha. Lingewaka. Wangejua kwamba siku zote lilikuwa zima. Mliporudi bila mtoto, jioni ile ndipo nikaitupa."

Dorika hakulia. Alisimama, mguu wake ukagonga ungo, mbaazi zikamwagika chumba kizima. Hakuziokota. Alimwacha baba yake anapapasa sakafu kuzikusanya, akatoka bila kuaga, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona barabarani.

*

Alifika Masasi na nia moja, kuwarudisha watu wa mizani. Lakini mambo ya dunia hayana adabu. Abdulazizi, aliyekuwa havutiki kwa kamba, sasa ndiye aliyekuwa na homa ya lile gari. Ile rota ilikuwa imemwumiza kichwani kama mwiba. Alimpigia Dorika simu asubuhi na jioni.

"Mama Felix, kuna mzee Newala, Mzee Ashiru, alikuwa dereva wa Pijo zamani, na anayo moja uani kwake imelala."

"Sitaki tena."

"Twende tukaitazame tu."

"Abdulazizi, nimesema sitaki."

Walikwenda. Hata Dorika mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini. Pengine ni ile tabia ya fundi ya kutoweza kuacha nguo iliyokatwa bila kushonwa. Mzee Ashiru aliwakaribisha kahawa, akawapeleka uani. Pijo yake haikuwa na magurudumu, na milango ilikuwa imegeuzwa uzio wa bustani. Lakini klipu zilifunguka, na chini ya kofia rota ilikuwepo, imekaa mahali pake, nyeusi, nzima.

"Chukueni," alisema Mzee Ashiru. "Kuku wangu hawawashi gari."

Gari liliwaka Alhamisi, kama saa kumi alasiri. Lilitoa moshi mweusi uliowafukuza watu wa stendi, likapiga kelele kama debe la kokoto, kisha likatulia likanguruma. Abdulazizi aliruka. Waendesha bodaboda walipiga honi. Shakila alikuja mbio na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akamkumbatia.

Dorika alisimama na mkono juu ya boneti inayotetemeka, na jambo pekee lililokuwa kichwani mwake ni lile neno la baba yake. Lingewaka. Kidude cha ukubwa wa kidole gumba, na lingewaka vivi hivi, asubuhi ile, mama yake amelazwa nyuma juu ya godoro, na Newala si mbali kwa gari. Aliizima injini akaketi garini na mlango ameufunga. Watu walidhani ni furaha imemzidi.

Akajiandikisha shule ya udereva. Wanafunzi wenzake wote walikuwa vijana wa bodaboda wanaotaka leseni, na mwalimu alimwita "bibi" hadi alipokatazwa. Dorika alikuwa ameapa kwamba gari lile halitakosa tena dereva kwa sababu ya fahari ya mwanamume. Alifeli mtihani wa kwanza kwenye kurudi nyuma. Wa pili akapita.

Dorika alimweleza Alfredi yote kwa simu, kama alivyoyasikia kwa baba yao. Jumapili iliyofuata Alfredi hakuuliza kama limewaka. Aliuliza linataka matairi ya saizi gani.

*

Mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umepamba moto, Dorika aliendesha mwenyewe kupanda Makote. Alikuwa amemtumia baba yake salamu fupi: gari litakuja, lakini hutapanda hadi umemwambia Mzee Lameck ukweli kwa kinywa chako. Mzee alikuwa amejibu kwamba atafikiri.

Alisimamisha gari mbele ya nyumba bila kuzima injini. Mzee Bernard alitoka barazani, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Silinda moja haipigi," alisema. "Na rejeta inavuja, nasikia matone."

Hata salamu hakutoa. Dorika alizima injini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mzee Lameck alikuja mwenyewe, mrefu bado, mgongo umeanza kupinda, amevutwa na mlio. Alilizunguka gari akitabasamu. Dorika alimwamkia, kisha akamgeukia baba yake akangoja. Mzee Bernard alisimama na fimbo yake, akakohoa, akasema kuhusu hali ya hewa, akasema kuhusu bei za mnada. Dorika akangoja. Mwisho mzee akasema, kwa haraka, kama mtu anayetapika:

"Lameck. Gari hili mwaka ule halikuwa bovu. Mimi ndiye niliyekuwa sioni. Siku ya mke wangu ningeweza kukupa ufunguo, sikukupa."

Lameck aliacha kutabasamu. Alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa ncha ya kandambili.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?" Dorika aliuliza.

"Kwamba haoni. Nilimwona akimimina chai nje ya kikombe. Nikamwona akipita bila kuniamkia, nami niko ubavuni kwake. Na gari haliwezi kufa siku moja bila kuugua. Nilijua kuna jambo."

"Na siku ya mama ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Nikangoja aniombe. Nikasema, akiniomba tu." Aliinua mabega. "Hakuniomba. Nikashika baiskeli."

Dorika aliwatazama wale wazee wawili. Mmoja aliogopa kuchekwa, mwingine alingoja kuombwa, na katikati yao mama yake alifungwa kwa khanga kwenye keria. Alitaka kusema neno moja litakalowatosha wote wawili, na neno hilo halikuwepo, si kwa Kiswahili wala kwa Kimakonde. Aliingia garini, akabamiza mlango, akaondoka akiwaachia vumbi.

Hakufika mbali. Kabla ya njia panda mvuke ulianza kutoka chini ya boneti, na mshale wa joto ulikuwa umelala upande wa pili. Rejeta ilikuwa kavu. Dorika alipiga usukani kwa viganja, hapo ndipo akalia, kwa sauti, peke yake, katikati ya mikorosho, kwa ajili ya mama yake na mtoto asiyepewa jina na miezi yote ile ya kesho. Alipomaliza, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Gari lilihitaji maji, na nyumba ya karibu ilikuwa ya baba yake.

Akarudi kwa miguu. Wazee walikuwa bado wamesimama palepale. Dorika alichota maji kwenye pipa, akajaza dumu.

"Nilikwambia rejeta inavuja," alisema baba yake.

"Baba, nyamaza."

Mzee akanyamaza. Lameck alilichukua lile dumu mkononi mwake, na wakaondoka watatu kulifuata gari, Mzee Bernard akiwa ameshika bega la Lameck. Walingoja injini ipoe. Lameck alimimina maji polepole, akaliziba lile tundu kwa kipande cha sabuni, ufundi wa jeshini. Kisha akasema ana kazi shambani, akawaaga, akaenda zake.

Dorika alimfungulia baba yake mlango wa mbele. Hakumsamehe siku ile, na hadi leo ukimwuliza hatakuambia kama amemsamehe. Wakati mwingine wanapita wiki bila kupigiana simu. Lakini msimu ule gari lilibeba magunia ya korosho ya baba yake hadi ghala la chama cha ushirika, na ya Lameck, na ya Mwanasha, na silinda ya tatu haijapata kupiga vizuri.

Siku ile, akishaingia garini, mzee alipapasa dashibodi, akapapasa turubai la kiti na mshono wake. Walipoanza kuteremka kuelekea Kitangari akanyoosha mkono mbele.

"Taratibu hapa. Kuna kona kali, kushoto kuna korongo."

"Kona hiyo haipo, Baba. Waliinyoosha walipotengeneza barabara."

"Aa." Akasogeza mkono. "Basi tunakaribia nyumba ya yule fundi wa mikeka."

"Haipo. Pana duka la simu."

Mzee alirudisha mkono mapajani. Walikwenda kwa muda, upepo unaingia kwa dirisha lisilofunga vizuri.

"Basi sema wewe," alisema.

Dorika alishika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa na hamu ya kusema naye. Lakini alipunguza mwendo, akabadili gia, akaanza kumweleza barabara ilivyo.